Mtunzi Mbele ya Jamaa Zake

Wahakiki wa fasihi yetu wameandika mengi juu ya mshairi na taifa, mshairi na dini, mshairi na siasa, na mshairi na sheria za vina na mizani. Juu ya mshairi na shemeji yake hawakuandika kitu. Huenda waliona kuwa jambo hilo ni la faragha, lisilofaa kuingizwa katika kitabu cha utamaduni. Sisi tunaona kinyume chake. Mtunzi wa mashairi katika nchi hii, wakiondolewa wachache mno, si mtu aliyeajiriwa kutunga. Ni karani, mwalimu, mvuvi, fundi cherehani au mkulima, naye hutunga usiku, nyumbani, katikati ya watu wa damu yake. Watu hao ndio wa kwanza kuiona kazi yake, na ndio watakaoachiwa makaratasi yake siku akifa. Wasipoichukua kazi hiyo kuwa kazi, hasara haimpati yeye peke yake. Yampata kila mtu ambaye angependa kuisoma baadaye.

Swali ambalo jamaa huuliza kwanza ni hili: unapata nini? Baadhi ya watunzi huliona swali hilo kuwa tusi. Si tusi. Ni swali la haki kwa mtu aliyezoea kuona jasho likirudi kwa sura ya unga, ada ya shule au bati la nyumba. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 mpaka kurasa za ushairi za Uhuru na Mzalendo, mshahara wa mtunzi wetu umekuwa kuliona jina lake na anwani yake vimepigwa chapa, na pengine kupata jibu la mtunzi mwingine wa Ujiji au Lindi baada ya majuma kadhaa. Mke aliyetoa pesa ya stempu katika matumizi ya nyumba ana haki ya kuuliza habari za jibu hilo.

Kaka yetu mkubwa, ambaye katika mambo mengine ni mtu wa busara na tena mkarimu, alizoea kututambulisha kwa wageni kwa kusema, “Huyu ana kazi serikalini, na jioni huchezea maneno.” Lakini kaka huyo huyo, alipomwoza binti yake, alituletea ujumbe siku mbili kabla ya harusi akitaka shairi. “Beti kumi tu,” alisema, “wewe si unazo kichwani?” Katika harusi ile mpishi alilipwa, mpiga picha alilipwa, mshereheshaji alilipwa na kupewa nauli, na fundi aliyeshona gauni alilipwa nusu kabla na nusu baada. Mshairi alipewa sahani ya pilau. Hatuna ugomvi na pilau, lilikuwa zuri. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba kaka yetu hakuudharau ushairi hata kidogo. Bila shairi aliona sherehe ina pengo. Alichokosa ni kuona kwamba shairi hutengenezwa.

Hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe, na watunzi wengi hawakulichimba. Sisi huwasema jamaa zetu kana kwamba ni watu wasiojua sanaa, ilhali bibi zetu walijua nyimbo za unyago, mbolezi za msibani na bembezi za watoto kuliko sisi tunavyojua beti za Muyaka. Katika nyumba ya Mswahili ugomvi hauishi bila methali mbili tatu. Nyumba hiyo imejaa ushairi. Lakini nyimbo hizo ni za wote. Hakuna anayeuliza ni nani aliyetunga wimbo wa kumtoa mwali, na mwimbaji akiongeza ubeti wake hausajili mahali popote. Sasa anatokea kijana mmoja katika nyumba hiyo, ana daftari, anajifungia chumbani, kisha anatoka na kusema, “Hili ni shairi langu.” Masikioni mwa wazee neno hilo lina ugeni, kama neno la mtu anayesimama kisimani akadai kuwa maji ni yake. Dharau tunayoilalamikia ni mgongano wa desturi mbili, ya wimbo usio na mwenyewe na ya utungo wenye sahihi, na desturi zote mbili ni zetu.

Malenga wa zamani waliijua hatari hii. Ndiyo maana wengi wao walitia jina lao, au la baba yao, au la mji wao, katika ubeti wa tamati, ili jina lisafiri pamoja na maneno katika vinywa vya watu. Ilikuwa hila nzuri. Siku hizi tunaona katika makundi ya ukoo ya simu jinsi shairi linavyopelekwa kutoka kwa binamu mmoja hadi mwingine. Nalo likifika mkono wa tatu, ubeti ulio wa kwanza kukatwa ni ule wa tamati.

Tutazame basi jinsi watunzi walivyojibu katika tungo zenyewe, maana hii ni makala ya uhakiki wala si baraza la kusuluhisha nyumba za watu.

Jibu lililozoeleka zaidi ni kulalama. Msomaji wa kurasa za ushairi anayajua mashairi ya namna hii. Ubeti wa kwanza humwomba mhariri nafasi, wa pili husema kuwa jamaa hawamjali mtunzi, na kutoka hapo mpaka mwisho jambo ni lilo hilo likibadilishiwa vina. Kasoro yake si huzuni, kwa kuwa huzuni imezaa tungo bora katika lugha zote. Kasoro yake ni kwamba ndani yake hakuna jamaa. Kuna “walimwengu”, kuna “mahasidi”, kuna “wa nyumbani”, lakini hakuna mjomba aketiye mahali fulani akisema neno fulani, wala hakuna kipande cha kazi ambacho msomaji angeonyeshwa aamue mwenyewe kama kilistahili kudharauliwa. Mtunzi anataka ahurumiwe kwa kazi ambayo hakuitoa. Zaidi ya hayo, mashairi hayo husomwa na watunzi wenzake, ambao tayari wako upande wake, na mjomba hayaoni kamwe.

Jibu la pili ni majigambo. Hili lina heshima ya kale, wala hatutaki kulibeza. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840, watu walijigamba na kujibizana kwa beti, na lugha ikanufaika. Lakini majibizano yale yalifanyika mbele ya watu waliowajua wasemaji wote wawili, wakijua nani ana haki ya kujisifu na kwa lipi. Mtu wa leo anayejiita simba wa tungo katika ukurasa wa gazeti, na nyumbani kwake hata mkewe hajui bahari anayoitumia, amenguruma kwenye msitu usio na wanyama.

Lipo na jibu la tatu, la kumsema jamaa kwa mafumbo. Tunawaonya vijana juu ya hili kwa sababu lina utamu. Taarabu imelikuza likawa sanaa kamili, nasi tunalisifu pale ukumbini. Lakini mwimbaji wa taarabu humaliza akarudi kwake, na mtunzi anayemtia wifi yake katika fumbo atakutana naye asubuhi penye kuteka maji. Tangu siku hiyo daftari lake huogopwa nyumbani, na kitu kinachoogopwa hakitunzwi.

Kwa maoni yetu tungo zilizofaulu ni zile ambazo hazikumwomba jamaa heshima, bali zilimpa kazi. Mfano mkubwa ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858. Wasomi wameuchambua kwa mengi, na wanawake wengi wa leo wanayapinga mawaidha yake juu ya mke na mume. Wana haki ya kuyapinga. Sisi tunatazama mwanzo wake tu. Mama, akiwa mgonjwa, anamwita binti yake aje aketi karibu naye na wino na karatasi. Hapo mambo mawili yanafanyika kwa mara moja. Binti anakuwa ndiye anayeambiwa, na tena anakuwa mwandishi. Hakuambiwa kwamba mama yake ni malenga anayestahili kusikilizwa. Aliwekewa kalamu mkononi, akapewa maneno ambayo yangekuwa urithi wake kama vile wengine wanavyoachiwa mikufu. Utendi huo ulinakiliwa na kukaririwa na wanawake wa pwani muda mrefu kabla ya kupigwa chapa.

Shaaban Robert alifuata njia hiyo. Alikuwa karani wa serikali kama wengi wetu, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, na aliishi kwa mshahara kabla ya kuishi kwa sifa. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Wapo wahakiki wanaoziona tenzi hizo kuwa nyepesi, mawaidha matupu, zisizofikia kimo cha riwaya zake. Hatukubaliani nao. Katika riwaya Shaaban Robert anazungumza na dunia nzima, na mara nyingine sauti yake hupanda mimbari. Katika Hati anazungumza na mtoto mmoja anayemjua, na kwa hiyo analazimika kupima neno kwa kimo cha mtoto yule. Mizani ya namna hiyo haihesabiwi kwa silabi.

Na lipo jambo jingine katika habari za Shaaban Robert lenye uzito mkubwa zaidi kwa makala haya. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na Yusuf Ulenge akazitunza. Zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi wake kuaga dunia. Ni kweli kwamba Yusuf Ulenge naye aliandika hadithi, na kwa hiyo alijua thamani ya karatasi. Si kila mtunzi aliyejaliwa ndugu wa namna hiyo. Lakini tufikirie jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Barua moja hufika, husomwa, huwekwa mahali. Nyingine hufika. Mambo ya nyumbani yamekaa ndani yake bega kwa bega na mambo ya vitabu, na bila shaka hayo ya nyumbani yalisaidia kuyahifadhi ya vitabu. Muyaka hakupata bahati hiyo. Beti zake zilikusanywa miongo mingi baada ya kifo chake, kutoka katika kumbukumbu za watu wa Mombasa, kwa jitihada za Mwalimu Sikujua na Mwingereza William Taylor, zikapigwa chapa kuwa diwani mwaka 1940. Tunazo zilizokumbukwa.

Yafaa hapa tuseme neno juu ya ngonjera, kwa sababu imesemwa vibaya kupita kiasi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi walipewa kazi ya wazi ya kulieneza, na Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa ngonjera umbo tulijualo; kitabu chake cha Ngonjera za Ukuta kilitoka mwaka 1970. Wahakiki husema kuwa ngonjera nyingi zina upande mmoja tu wenye akili, na kwamba yule mjinga daima hushindwa kabla ya ubeti wa mwisho na kushukuru kwa kushindwa. Ni kweli. Ila wahakiki hao hawakuketi kwenye viti vya wazazi. Ngonjera iliutoa ushairi katika karatasi ikautia katika vinywa vya watoto wa shule, na baba aliyekuwa akimcheka jirani yake mtunzi alikwenda kwenye sherehe ya shule, akasimama juani saa nzima, akasikiliza mizani na vina kwa makini, kwa kuwa mtoto wake ndiye aliyekuwa akisema. Hatujui utungo mwingine wa wakati ule uliowapata jamaa kwa wingi namna hiyo. Mnyampala aliutatua mkasa wetu bila kuutaja.

Kwa watunzi wanawake mzigo ni mzito maradufu. Tumewafahamu waliotumia lakabu katika magazeti, si kwa ajili ya pambo, bali ili wakwe wasijue. Mwanamume akidharauliwa huambiwa anapoteza wakati. Mwanamke huambiwa anapoteza heshima. Hati za kike zilizobaki majumbani ni chache kuliko watunzi waliokuwapo, na jambo hili linataka makala yake peke yake, iandikwe na mmoja wao.

Sasa tuseme kwa nini tumelishughulikia jambo hili kwa uzito. Kwa zaidi ya miaka 25 kazi yetu ya mchana imekuwa masjala, na mtu wa masjala huijua njia ambayo karatasi hufia. Karatasi haifi kwa chuki. Hufa kwa mchwa, kwa unyevu wa masika, kwa mende wapendao gundi ya jalada, na zaidi ya yote hufa kwa kutokuwa na namba. Jalada lenye namba hutafutwa lisipoonekana. Jalada lisilo na namba likipotea hakuna anayejua kuwa lilikuwapo. Daftari la mshairi ni jalada lisilo na namba.

Tulimjua mtunzi mmoja wa pwani, fundi wa majahazi, aliyejaza kaunta buku saba kwa hati ya mkono safi sana. Alipofariki, jamaa walihitaji chumba chake kwa ajili ya wageni wa hitima. Vitu vikatolewa nje. Kitanda kilikwenda kwa mtu, baiskeli ikaenda kwa mtu, misumeno na patasi zikagombewa. Kaunta buku zilikwenda kwa kilo, pamoja na magazeti, kwa mama muuza karanga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwanawe mkubwa, tulipomwuliza, alijibu kwa upole kuwa alidhani ni hesabu za mbao. Baba yake hakuwahi kumwambia vinginevyo. Pengine alichoka kuchekwa, akaona heri anyamaze. Sisi tunazo beti nne zake, alizotuandikia nyuma ya risiti.

Na sheria ya nchi imewapa jamaa hao nafasi kubwa kuliko wanavyofahamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi kwa muda wa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba yule shemeji anayecheka leo barazani, watoto wake huenda wakawa ndio wenye kauli juu ya shairi hilo kwa nusu karne. Mtunzi anayewakasirikia jamaa zake na kuwaficha daftari anawanyima kitu ambacho sheria imekwisha kuwapa, na wao hawatakidai kwa kuwa hawakijui.

Kwa sababu hiyo hatuwashauri watunzi wadai kusifiwa. Wadai vitu vidogo vilivyo wazi. Sisi tukiombwa shairi la harusi siku hizi tunataka habari kwa juma zima kabla, tunataka majina ya babu wa pande zote mbili yaandikwe sawasawa, na tunataka nakala moja ikae katika albamu pamoja na picha. Wala hatulisomi wenyewe. Tunampa kijana wa ukoo alisome, tukakaa naye jioni mbili akijifunza pa kupumulia. Kaka yetu alipoziona jioni hizo mbili, binti yake mwingine akikosea kituo na kurudia, na sisi tukibadilisha neno zima kwa sababu ulimi wake haulipati, aliuliza kama kila shairi huchukua muda wote huo. Tulimwambia hilo lilikuwa jepesi. Hakusema kitu, lakini tangu wakati huo neno la kuchezea hatujalisikia kwake.

Daftari nalo lipewe namba juu ya jalada, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na jina la mtu atakayelichukua. Mtu huyo asichaguliwe kwa ukubwa wa umri. Mara nyingi ni mpwa fulani aliyeonekana akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi kabla ya kukitupa. Ajulishwe mapema, mbele ya wenzake, ili siku ya siku asionekane mwizi.

Upande wa Serikali, tunatambua kuwa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 na kuujumuisha ushairi, imewafanya jamaa wengi wamtazame tena yule mtu wao wa daftari. Lakini tuzo huwafikia wachache, tena walio hai, tena waliokwisha kupiga chapa miswada yao. Wa kaunta buku wanahitaji kitu kidogo kuliko hicho. Kila wilaya inayo ofisi inayohusika na utamaduni, na Afisa Utamaduni huwajua watunzi wa eneo lake kwa sababu ndiye anayewaita kwenye sherehe za kitaifa. Mtunzi akifa, afisa huyo aende msibani akiwa na bahasha kubwa na hati ya kupokelea, awaulize wenye nyumba kwa adabu kama kuna maandishi, ayanakili na kuwarudishia. Ila afike mapema, asingoje arobaini, kwa maana kufikia siku hiyo chumba huwa kimekwisha kufagiliwa.